Mwanzo Uko Bukoba, Mwisho Uko Wheaton

Takoma Park, Maryland
Jumapili, 11 Oktoba 1998

Wifi Edna,

Shikamoo. Huku tunapumua. Gregori ameota meno mawili ya juu na ananing'ata wakati wa kunyonya kama vile mimi ni hindi la kuchoma. Kaka yako Dunstan anakusalimu sana. Asubuhi yuko jikoni kwenye nyumba ya wazee kule Laurel, jioni yuko ghalani, nami nikimwona macho yamefumbuka nashangaa kama nimeona mgeni.

Nimepata kazi, wifi. Usicheke. Unakumbuka lile katoni la magazeti ya sinema aliloliacha daktari Mjerumani pale hospitali ya misheni, wewe ukayabeba kutoka dobi ukawa unanisomea huku unapiga pasi mashuka? Wewe ndiye uliyenifundisha Oskari ni nini, na nani alishinda mwaka gani, na nani alinyimwa haki yake. Basi leo mimi Dorothea nafanya kazi kwenye jumba la sinema. Liko Wheaton, karibu na lile duka kubwa lenye maduka mengi ndani. Natoka stesheni kwa zile ngazi za umeme ndefu mpaka unaweza kusali fungu zima la rozari kabla ya kufika juu.

Ila sikati tiketi. Nafagia.

Kazi yenyewe iko hivi. Jumba lina kumbi nyingi, kila ukumbi na picha yake. Picha ikikaribia kuisha, tunaingia polepole na fagio na ndoo, mimi na mwenzangu Awino, Mkenya wa Kisumu, tunasimama nyuma ukutani gizani. Majina yakianza kupanda na taa kuwaka, tunakimbia na mistari ya viti, maana watazamaji wengine wako nje tayari na bisi zao wanataka kuingia. Kuingia mapema ni marufuku. Sisi si watu wa sinema, ni watu wa kampuni ya usafi, hata tiketi ya bure hatupewi. Kwa hiyo, wifi, ninaona kila picha mpya inayotoka Amerika, lakini naona mwisho tu. Mwanzo sijui hata mmoja.

Sasa nina ombi. Tangu ule mlipuko wa Agosti pale ubalozini Dar, tunaambiwa tungoje tarehe mpya ya viza ya Koku. Nilimwacha kwako kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, nikajisemea ni miezi michache tu. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Sasa ana mitano. Nahofia sura yangu inamtoka kama rangi ya kanga. Nitakuwa nakuandikia miisho ya picha, wewe umsomee kabla hajalala, umwambie, hii imetoka kwa Mama. Awe na kitu changu cha kulalia.

Huu ni wa kwanza. Mzee mwenye mfuko wa nguo anarudi nyumbani kwake. Anakuta mlango umepakwa rangi ya manjano, yeye aliuacha wa kijani. Anabisha. Anafunguliwa na msichana asiyemjua. Wanatazamana. Msichana haulizi kitu, anamletea kiti. Mzee anakaa, anavua kofia, basi, majina yanapanda. Watu hawakuinuka, wifi. Na bisi walizibakiza ndoo nusu nusu. Mimi nimeshajua, wakiacha bisi ujue picha imewashika koo.

Nimbusie Koku wangu shingoni, pale anapocheka.

Ni mimi wifi yako,
Mama Koku


Kashai, Bukoba
8 Novemba 1998

Doro,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimefunikwa na senene. Mwaka huu panzi hao wameshuka wengi, na Koku anakesha chini ya taa ya hospitali na kopo lake, anakamata na kuwaita kwa majina. Mmoja alimwita Padri. Alimla vilevile.

Nilimsomea mzee wako wa mlango. Alisikiliza mpaka kiti kilipoletwa, halafu akaniuliza, "Na kabla ya hapo?" Nikamwambia kabla ya hapo mama yako hakupaona. Akasema, "Basi sema wewe, Mama Edna." Huyu mtoto ana shingo ya baba yake, ikiganda haigeuki. Nikasema. Nilijazia mwanzo wa kutosha kumlaza, na kesho yake akautaka tena, na keshokutwa akamleta mtoto wa jirani. Sasa ni desturi ya nyumba: wewe unaleta mwisho, mimi natafuta mwanzo. Hata Mama Gervas huja na kibakuli kuazima chumvi, anakaa mpaka tumalize, anasahau chumvi.

Ndiyo, umesoma vizuri, ananiita Mama Edna. Na mwalimu wa chekechea aliniita Mama Koku mbele za watu nikaitika kabla sijafikiri. Nakuandikia mwenyewe usije ukasikia kwa wasafiri.

Nami nina yangu ya kusema. Ulipoandika kwamba unasimama ndani ya ukumbi wa sinema Amerika, nilikunja barua nikaenda kuanika mashuka ambayo hayakuwa yamesuuzwa. Mimi ndiye niliyesoma katoni lote. Mimi ndiye ninayejua kwamba mwaka 1929, Oskari za kwanza, ugawaji wa zawadi ulikwisha kwa robo saa, na washindi walikuwa wameshajulikana miezi mitatu kabla. Wewe ulikuwa unasinzia nikisoma. Mungu hugawa anavyopenda.

Tubashiri basi kama zamani. Oskari za Machi, picha bora ni ipi? Wewe tumia bisi zako, mimi nitatumia historia. Historia inasema wanapenda picha ndefu, yenye nguo za kale na mtu anayelia vizuri.

Wako,
Edna


Takoma Park
Jumapili, 6 Desemba 1998

Wifi Edna,

Shikamoo. Barua nimeipata, nimeisoma kwenye treni, nikapitiliza kituo changu nikafika mpaka Union Station na mtoto mgongoni.

Ahsante kwa kumwangalia Koku, Mungu anaona. Lakini wifi, nina jambo limenikaa kama mwiba wa samaki. Jina la Mama Koku ni langu. Huku sina lingine. Kazini naitwa "hani", yaani asali, na msimamizi ambaye hajui hata mmoja wetu anaitwaje. Katika jengo naitwa Mama Gregori, kwa sababu Gregori ndiye wanayemwona. Barua zako ndizo mahali pekee ninapokuwa Mama Koku. Sasa na wewe umeitika.

Sikatai akuite Mama Edna. Shangazi ni baba wa kike, najua, nimefundwa. Ila mwalimu mwambie.

Awino nilimsomea kipande kile cha mwanzo na mwisho, nikidhani atanihurumia. Aliegemea fagio akasema, "Sasa wewe Doro unalia nini? Umepeleka mkia wa samaki, mwenzako ameweka kichwa, mtoto anakula samaki mzima. Halafu unauliza kwa nini anashukuru mpishi." Nikamwambia hana mtoto, hajui. Akasema, "Sina mtoto lakini nina dada watano, wivu naujua hata harufu." Nikamnyima chapati siku hiyo.

Mwisho wa pili huu hapa. Mwanamke mwenye koti jekundu anasimama darajani, kuna theluji. Anatoa funguo mfukoni, anazitupa mtoni. Upande wa pili farasi anakimbia peke yake, hana mpanda. Mwanamke anacheka. Majina. Sijui funguo za nini. Sijui farasi wa nani. Sakafuni palikuwa safi, bisi zote zimeliwa, kwa hiyo haishindi kitu.

Ubashiri wangu ni ile ya mzee na mlango. Siogopi historia yako.

Krismasi nitapiga simu ofisi ya parokia, saa kumi jioni yenu. Mvalishe gauni la bluu nililotuma.

Mama Koku (mwenyewe)


Takoma Park
27 Desemba 1998

Edna,

Nimengoja siku mbili niandike nikiwa nimepoa, sijapoa.

Nilinunua kadi ya simu. Nilimlaza Gregori. Nilikaa kitako nikajipanga maneno. Koku akashika simu, akasema shikamoo vizuri kama mtoto wa mwalimu mkuu. Nikamuuliza, unanijua? Akasema ndiyo. Nikamuuliza, mimi nani? Akasema, "Wewe ni wa sinema." Nikasema mimi ni mama yako. Akasema, "Ndiyo, wa sinema." Halafu akauliza kama nimemaliza, kwa sababu Mama Edna alimwahidi mwanzo wa yule farasi.

Mtoto wangu, Krismasi, anataka kukata simu akasikilize mwanzo.

Sasa nakuomba kwa heshima yote, wewe ni mkubwa wangu, umenipokea nikiwa bibi harusi, sijasahau. Acha kujazia. Usiongeze hata neno. Nitakata tiketi kwa siku yangu ya mapumziko, niingie kama watu wanavyoingia, nikae tangu taa zinapozimwa mpaka zinapowaka, niandike picha nzima, mwanzo na mwisho vyote viwe vyangu. Wewe soma tu kama ilivyo.

Kazi yako kwake ni kubwa kutosha. Mwanzo ni wa mama.

Dorothea


Kashai
18 Januari 1999

Dorothea,

Nimekuelewa. Soma kama ilivyo, usiongeze neno. Maagizo kama ya kwenye kopo la dawa.

Nimemwambia Koku mianzo imefungwa mpaka mama yake aandike. Amekaa mlangoni na kopo lake tupu, msimu wa senene umekwisha. Mama Gervas amerudisha chumvi.

Maadamu tunasemana, nami niseme. Umeandika "mwanzo ni wa mama" kwa kalamu ya watu wenye watoto wawili. Mimi sina hata mmoja, na kila mtu mjini hapa anajua, mpaka mbuzi. Mtoto anapoamka na homa hasemi "shangazi ambaye si mama yangu hasa, niletee maji." Anasema Mama Edna. Nilipoitika kwa yule mwalimu, niliitika kwa sauti iliyokuwa imengoja miaka mingi. Kama ni wizi, nimeiba mbele ya macho yako na nimekuandikia barua kukujulisha.

Na lingine. Wewe unaweza kukata tiketi ukaingia. Unaandika hivyo kama mtu anayesema atakwenda kisimani. Mimi ninayejua kwamba bahasha za kufungwa kwa lakiri zilianza 1941, kwa sababu mwaka uliotangulia gazeti lilitoboa siri, sijawahi kukaa kwenye kiti cha sinema chenye kitambaa. Kwa hiyo ukikaa, kaa vizuri. Usisinzie.

Habari ya mwisho ndiyo kubwa: tarehe ya viza imetoka, mwishoni mwa Aprili, Dar es Salaam. Nitampeleka mwenyewe. Nitamnunulia viatu.

Edna


Takoma Park
Jumatatu, 15 Februari 1999

Wifi Edna,

Shikamoo. Aprili. Nimelisoma neno hilo mpaka karatasi imelainika. Dunstan alilia, halafu akasema ni vitunguu, na hatukuwa na vitunguu ndani.

Yale mengine uliyoyaandika nimeyaweka mahali.

Jana nilikata tiketi. Gregori nilimwacha kwa jirani Wambura wa ghorofa ya chini. Nilivaa lile gauni la harusi ya binamu yangu Respicius, sijui kwa nini. Wifi, kumbe kabla ya picha kuna matangazo, na vipande vya picha zijazo, moja baada ya nyingine, mpaka nikadhani nimekosea ukumbi. Kiti kinarudi nyuma. Nilikuwa nimekifagia kiti kile mara nyingi sikujua kinarudi nyuma.

Sasa hii ndiyo picha nzima, msomee kama ilivyo. Kuna jaji mwanamke, mweupe, mjini. Ana kaka yake shambani. Baba yao anakufa. Wanagombea shamba. Wanakwenda kwa mwanasheria, wanazungumza. Wanakwenda kwa mwanasheria mwingine, wanazungumza. Mvua inanyesha. Kaka anauza matrekta. Jaji anarudi mjini, anakaa dirishani muda mrefu sana, analia. Kaka anaandika barua haipeleki. Mwaka unapita, nimejua kwa sababu miti ilibadilika. Mwisho wanakutana kaburini kwa baba, kila mmoja ana maua yake, wanaweka, wanaondoka kwa magari mawili. Jaji, ndiye steringi wa picha, hakufa, ila hakushinda pia.

Nilikaa mpaka majina yakaanza kupanda. Nikageuka, nikamwona Awino ukutani na fagio. Akaniangalia tangu viatu mpaka nywele. Akasema kwa sauti ya kanisani, "Karibu sana, madamu kastoma. Nyanyua miguu nifagie." Nikanyanyua. Chini yangu palikuwa na bisi ndoo nzima, sikula hata moja, lakini si kwa kushikwa koo. Nilikuwa nakariri nisisahau.

Majina ya picha zinazowania Oskari yametoka juma lililopita. Ya mzee na mlango imo. Ya jaji nayo imo, na ni ndefu, na amelia vizuri. Kwa hiyo wewe chukua ya jaji, mimi nabaki na mlango.

Mwambie Koku hii yote, mwanzo na mwisho, imetoka kwa Mama. Halafu uniandikie amesema nini. Usipunguze.

Mama Koku


Kashai
5 Machi 1999

Doro,

Umesema nisipunguze, nami sipunguzi.

Nilimsomea jaji kama ilivyo. Matrekta, mvua, mawakili wawili. Mama Gervas aliondoka tulipofika kwa wakili wa pili. Koku alivumilia mpaka makaburini, akangoja, akaniangalia, akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna mengine. Halafu akasema, nami nimeandika alivyosema, "Sinema hii mbaya. Mama hayumo."

Nikamwambia mama yako ndiye aliyeiandika. Akasema, "Ndiyo, lakini hayumo." Akalia, Doro. Si kwa deko. Alilia kama mtu aliyefika stendi akakuta hakuna aliyempokea.

Sasa inanibidi nikuambie mianzo yangu ilikuwaje, kwa sababu hukuwahi kuuliza na mimi kwa kiburi sikusema.

Yote inaanza hivi: Alikuwapo mwanamke aitwaye Dorothea, mwenye pengo katikati ya meno ya juu, ambaye alipanda ndege na fagio lake. Kila safari, Doro. Ule mlango wa manjano, wewe ndiye uliyeupaka. Ulifika kwenye nyumba ile ukaikuta chafu, ukaifagia siku saba, ukaona mlango hauna furaha, ukaupaka, ukamwambia yule msichana, mzee akija usimuulize kitu, mletee kiti. Halafu ukaondoka kwa sababu ulikuwa na kazi nyumba nyingine. Zile funguo za darajani zilikuwa za zizi la mfalme mchoyo, na mwenye koti jekundu aliziiba kwa msaada wako, wewe ulikuwa unafagia ikulu, ukasogeza mkeka zikaonekana. Ndiyo maana farasi alikuwa huru. Ndiyo maana mwanamke alicheka.

Ulitazama mwisho wa kila picha ukiwa umesimama nyuma gizani. Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Kwamba huonekani kwa sababu umeshamaliza kazi yako mwanzoni, na sasa umesimama ukutani unaangalia kama wamefika salama. Aliposema wewe ni wa sinema, hakukusahau. Alikuwa anajivunia. Kule chekechea amewatangazia kwamba steringi ni mama yake, na aliyebisha alichapwa kofi, nikaitwa shule. Ndipo yule mwalimu aliponiita Mama Koku.

Sikufanya hivyo kwa wema mtupu. Kila jioni nilimwona anavyotulia nikilitaja jina lako, na nilitamani, walau mara moja, niseme, alikuwapo mwanamke aitwaye Edna. Sikusema. Huo ndio wivu wangu, nao ni mkubwa kuliko wako, kwa sababu wewe utamchukua.

Nitasubiri maagizo.

Edna


Takoma Park
Jumatatu, 22 Machi 1999

Wifi Edna, dada yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Sikukuandikia mara moja. Barua yako nilikuwa naibeba kazini ndani ya sare, Awino akaniuliza karatasi gani hiyo inakwaruza. Nikampa asome. Alisoma akiwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akasema, "Huyu wifi yako akiandika sinema mimi nitakata tiketi." Halafu akasema, "Na ukimjibu vibaya, nitakupiga na hili." Alikuwa ameshika koleo la takataka.

Jana ilikuwa Oskari. Mwaka huu wameihamishia Jumapili, zamani ilikuwa Jumatatu, wewe utakuwa umeshajua. Nilialika Awino, tukakaanga ndizi, Dunstan akalala kabla ya zulia jekundu. Ya mlango haikushinda. Ya jaji haikushinda. Tumeshindwa sote, wifi, wewe na historia yako na mimi na bisi zangu.

Nilimsimulia Awino ile habari uliyonisomea ukiwa unapiga pasi. Yule mwanamke mweusi wa kwanza kushinda, mwaka 1940, aliyeigiza mtumishi wa ndani. Walimkalisha kwenye meza ndogo ukutani, mbali na wenzake wa picha ileile. Alipoitwa alitoka ukutani kwenda mbele, watu wakapiga makofi, akarudi kukaa ukutani. Ulinisomea nikiwa na tumbo la Koku. Huwezi kusema nilikuwa nasinzia siku ile, kwa sababu sikusinzia.

Nimefikiria hilo siku nzima. Mimi nimesimama ukutani huku nikilia kwamba sionekani, na wewe kila jioni unanitoa mbele. Na ukutani umekaa wewe.

Sina maagizo. Fungua mianzo. Msimulie mpaka siku ya ndege, na ndani ya ndege Respicius atamsimulia, nimemwandikia, anarudi chuoni huku mwezi wa sita na amekubali kumleta.

Nikisema wivu umekwisha nitakuwa mwongo. Nikifikiri wewe ndiye utakayemfunga viatu vya safari, naona uchungu. Lakini sasa nauona kwa ajili yako pia.

Dorothea


Kashai
9 Juni 1999

Doro,

Ameondoka leo asubuhi kwa meli ya Mwanza na Respicius. Viatu ni vikubwa kidogo, nilipima kwa matumaini ya miezi ya kukua. Hakulia. Alinipungia mkono kwa sheria, kushoto kulia, kama alivyoona kwenye gazeti moja la katoni.

Kopo la senene ameniachia. Amesema nilitunze.

Mwalimu wa chekechea alinikuta sokoni akaniita kwa jina lile. Nimemwambia, mimi naitwa Edna.

E.


Takoma Park
Jumapili, 20 Juni 1999

Kwa Mama Koku wa Bukoba,

Soma vizuri hapo juu, sikukosea. Akikuita tena yule mwalimu, itika.

Amefika. Nilikuwa uwanja wa ndege tangu mapema na Gregori mgongoni, Dunstan akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nilijipanga nisimrukie. Niliogopa atajificha nyuma ya Respicius, nami nimeshajiandaa kusema si kitu, ni mtoto, atazoea.

Alitoka na kile kibegi chako cha kitenge. Mrefu, wifi. Ulisema viatu ni vikubwa, urefu huu hukuusema. Alisimama mbele yangu akanitazama mdomoni. Nikatabasamu kwa sababu sikujua la kufanya. Akaliona pengo. Akamgeukia Respicius, akasema taratibu kama anayemwonyesha mtu nyumba yao, "Ni huyu. Huyu ndiye wa mwanzo."

Halafu akanitazama mikono, akakunja uso. "Na fagio lako liko wapi?"

Nikamwambia liko kazini, Wheaton. Akakubali, na hapo ndipo alipokuja.

Jioni ya kwanza alilia akikutaka. Sikuumia kama nilivyodhani. Niliumia, lakini kwa namna nyingine. Akaniambia nimpe mwanzo. Mimi mianzo sijui, wifi, unajua kazi yangu. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikatafuta, nikaanza na kilichokuja: alikuwapo mwanamke aitwaye Edna, mrefu, mpiga pasi wa mashuka yote ya mji wa Bukoba, aliyekuwa na katoni lenye majina ya washindi wote wa dunia.

Akaacha kulia papo hapo. Akasema, "Mama Edna si mrefu." Nikasema ni mrefu. Akasema, "Si mrefu, anapanda stuli akitaka sukari." Tumebishana mpaka akasinzia, hatukutoka kwenye sentensi ya kwanza.

Kwa hiyo naomba utume picha yako, umesimama, usivae viatu vya kisigino, tumalize ubishi huu. Na kesho jioni anataka niendelee, nami sijui huyo Edna anakwenda wapi baada ya hapo. Nimemwambia nitakuuliza.

Mama Koku wa Takoma Park